Mwongozo kwa Msanifu Kijana Anayetaka Kupata Jina kwa Udongo

Kabla ya yote, angalia ulikozaliwa. Msanifu majengo anayetaka kujulikana kwa udongo, mawe ya matumbawe, boriti na makuti, inafaa sana awe mtoto wa ghorofani. Aliyekulia Upanga au Nyali, akaja kuufahamu udongo ukubwani kupitia kitabu cha picha kilichochapwa Ulaya, huyo ana hadithi ya kuuza: amerudi kwenye asili. Aliyekulia katika nyumba ya mbavu za mbwa, akilala huku anasikiliza mchwa wakitafuna fito, hajarudi popote; machoni pa watu bado hajatoka. Ikiwa wewe ni wa kundi hili la pili, usikate tamaa. Kwenye wasifu wako usiseme kwamba ukuta wa jikoni uliwaangukia kuku wakati wa masika. Sema ulilelewa karibu na ardhi. Ni kweli tupu, na hakuna atakayeuliza ukaribu huo ulikuwa wa sentimita ngapi.

Jiandae pia kwa kamati ya kwanza itakayokataa michoro yako, nayo ni mama yako mzazi. Mazungumzo huwa hivi:

"Mwanangu, hiyo nyumba unayomchorea yule mgeni, kweli ni ya udongo?"

"Ndiyo, mama. Udongo wa kushindilia, ukuta wa sentimita arobaini."

"Na anakulipa?"

"Ananilipa."

"Alhamdulillahi. Basi mambo hayo mfanyie huyohuyo. Mimi nijengee kwa bloku za inchi sita, bati la msauzi, na madirisha ya aluminiamu kama ya jirani."

"Lakini mama, nyumba ya bloku ina joto."

"Joto nitalipepea. Tope nimelikandika tangu nimeolewa. Basi."

Hapo masomo ya chuoni yatakushawishi umwambie mama ana kasumba ya ukoloni. Usithubutu. Katika vijiji vingi kukandika kumekuwa kazi ya wanawake: kuchimba udongo, kuteka maji, kukanyaga, kukandika, na masika ikipita kuanza upya upande ule uliopigwa na mvua. Mgongo wa mama unaujua udongo kuliko shahada yako. Anayeomba saruji hapo anaomba likizo, na wewe unamjibu kwa habari za utambulisho.

Wala usidhani ubishi huu umeanzia kwenu. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wako radhi kungoja saruji na bati kuliko kujenga nyumba nzuri kwa matofali ya kuchoma na vigae vya hapahapa. Mwalimu alikuwa na chama, redio ya taifa na nchi nzima inayomsikiliza. Saruji ikamshinda. Wewe una projekta na nusu saa.

Kwa hiyo tafuta mteja ambaye hatakaa ndani ya kazi yako muda mrefu. Wa kwanza ni mwenye hoteli ya ufukweni, kwa sababu mgeni wake hulala siku saba na kuondoka kabla mvua haijaanza. Wa pili ni mfadhili wa shule, ambaye huja siku ya ufunguzi na kurudi siku ya ripoti. Wa tatu ni ndugu yetu aliyekaa Maskati au Toronto miaka mingi na sasa anajenga nyumba ya kustaafia. Huyu analipa vizuri, ila ana dada yake anayesimamia kazi, na dada yake anaishi hapa, na dada yake anataka marumaru mpaka ukutani.

Hotelini utakutana na makuti, na makuti yanahitaji akili. Upande mmoja wa barabara ya Paje mama mkulima wa mwani ana paa la makuti na ameapa kwamba akipata fedha atayashusha, hata kama ni kwa kununua bati mbili mbili. Ng'ambo ya barabara mgeni analipa dola kulala chini ya makuti yaleyale, na akikuta bati ataandika malalamiko. Kazi yako ni kusimama katikati ya barabara hiyo kwa uso mkavu. Ukiulizwa mbona paa la hoteli linaoza mapema kuliko la jiko la bibi, jibu la kweli ni moshi: paa lililofukizwa kwa kuni kila siku wadudu hawalipendi. Hoteli haiwezi kuwafukiza wageni, kwa hiyo hununua dawa. Nyingine huweka bati chini na makuti juu kwa ajili ya picha. Na kama bajeti inaruhusu, yapo makuti ya plastiki. Yanafika bandarini ndani ya kontena, na ukiyaangalia kutoka mbali, tena jioni, huwezi kuyatofautisha na ya mnazi.

Sasa mashujaa. Huwezi kupanda jukwaani bila mashujaa, na wawili wanatosha. Wa kwanza ni Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyejenga shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, ikakamilika mwaka 2001 yeye mwenyewe akiwa bado mwanafunzi Berlin. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Onyesha picha ya ukuta mwekundu na watoto wanaocheka. Usionyeshe sana juu. Kule juu kuna bati, bwana, bati kabisa, limeinuliwa juu ya dari ya matofali kwa vyuma vya nondo vilivyounganishwa na watu wa kijijini, ili hewa ya moto itoke na mvua isiguse ukuta. Na ndani ya matofali ya udongo kuna saruji kidogo. Yaani yule bwana alichukua kila kilichofaa, cha bibi na cha dukani, akakiweka mahali pake. Habari hii inaharibu hotuba, kwa maana watu wamekuja kusikia kwamba bibi alikuwa na majibu yote.

Shujaa wa pili ni Hassan Fathy wa Misri. Miaka ya 1940 alipewa kazi ya kujenga Gourna Mpya, karibu na Luxor, ili kuhamisha wanakijiji waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale ya enzi za mafarao na, kwa mujibu wa serikali, wakiyapekua. Aliwaleta mafundi wa Kinubi waliojua kujenga kuba kwa matofali mabichi bila kuegemeza mbao, akachora kijiji ambacho wasanifu wa dunia nzima wanakisoma mpaka leo. Waliochorewa wengi walikataa kuhama. Riziki yao ilikuwa kule makaburini, na isitoshe kuba kwa desturi yao lilikuwa la kumfunika maiti. Kitabu chake kikawa maarufu kuliko kijiji. Mtaje Fathy kila mara, lakini ishia kwenye kuba. Ukiendelea hadi kwa wanakijiji, mtu atanyoosha mkono kuuliza kama na wewe uliwauliza wako.

Ukitaka wa karibu, itaje hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, ambayo kuta zake zimejengwa kwa mawe ya volkano ya milimani kule, mawe ambayo mkulima huyaona kero shambani. Taja, pita.

Baada ya mashujaa hamia kwenye chokaa, na hapa usiwe na haraka. Pwani yetu ndipo msanifu wa vifaa vya asili anapochotea heshima yake yote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Kote huko ukuta ni mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko, na hakuna hata mmoja kati ya waliojenga aliyekuwa na muhuri wa bodi.

Jukwaani utasema, "Ukuta wa chokaa unapumua." Sema kwa sauti ya chini, kisha kaa kimya kidogo. Ikitokea bahati mbaya mtu akauliza maana yake, ni hii. Jiwe la tumbawe lina vitundu. Linavuta maji kutoka ardhini na unyevu kutoka hewani, na pamoja na maji linavuta chumvi. Plasta ya chokaa nayo ni laini na ina vitundu, hivyo unyevu hupanda, ukatokeza nje, ukakauka na upepo wa kaskazi. Ukiipiga plasta ya saruji juu ya jiwe hilo, maji yanakosa pa kutokea. Yanatuama ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na misimu michache baadaye plasta inabanduka ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo huamini fundi alibania saruji. Anaongeza mifuko. Tembea vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya mvua uhesabu kuta zilizokwisha kutibiwa kwa ugonjwa wa dawa yake.

Habari ya pili ya kuwafurahisha wasikilizaji ni upana wa vyumba. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, na wageni hulieleza jambo hilo kwa falsafa: sitara, heshima, kivuli. Yote yamo. Ila mwanzo wake ni mti. Boriti ya mkoko ya kutegemewa haizidi sana mita tatu, basi chumba hakikupanuka kupita hapo, hata mwenyewe awe tajiri wa namna gani. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Uarabuni na Ghuba, na huko nako, kwenye nyumba za udongo na mawe, chumba kikafuata urefu wa mti uliokatwa kwetu. Ni habari tamu. Usimpe mteja mpaka awe amelipa awamu ya kwanza, kwa sababu yeye ameshaagiza sofa la kona na anataka sebule ya mita saba. Na kabla hujaenda sokoni kununua, jifunze ngazi zake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Muuzaji wa Lamu akigundua kwamba kwako zote ni miti ya mikoko, bei utakayouziwa itakuwa ya kitalii.

Kisha kuna sakafu. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto za matumbawe, halafu watu hupanga mstari na kuipiga kwa vipande vya mbao, siku kadhaa mfululizo, wakiimba. Wimbo haukuwa wa kustarehesha. Ndio uliokuwa unapima mapigo, na mapigo yakilegea upande mmoja mvua huja kulisema. Hapo mkadiriaji majenzi wako atakuuliza uimbaji uingizwe kifungu gani cha gharama. Hana ubaya. Jedwali lake lina safu ya mifuko, ya lori na ya siku za kibarua. Halina safu ya watu waliozoeana mapigo.

Chokaa yenyewe haina haraka. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu, yakachomwa mpaka jiwe limekuwa jepesi na jeupe. Humwagiwa maji, ikachemka yenyewe kwa hasira, kisha ikaachwa. Iliyokaa shimoni miezi ni bora kuliko ya juzi. Mwenye hoteli, wakati huo, anataka funguo kabla ya wageni wa Julai. Ndiyo maana kila eneo la ujenzi wa chokaa lina mifuko ya saruji iliyofichwa nyuma ya banda la mlinzi, na usiku mkandarasi hutia koleo mbili tatu kwenye mchanganyiko "ili ishike." Wewe usipite nyuma ya banda la mlinzi. Msanifu mwenye malengo hupita mbele.

Katika haya yote atakuwepo mzee mmoja, kofia imeloa jasho, ambaye anagusa chokaa kwa kidole gumba na kusema bado. Huyu ndiye mhandisi, maabara na maktaba yako. Mpige picha akiwa ameinama, mwanga umetoka upande wa kushoto. Chini ya picha andika "mafundi wa mahali." Jina lake lisije likachukua nafasi ya jina la ofisi.

Kuhusu mazingira, kanuni ni moja: usipige hesabu mbele za watu. Anza na adui, maana adui ni wa kweli. Uzalishaji wa saruji unakadiriwa kutoa kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tanuri lake linahitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, wakati chokaa inatosheka na 900. Ongeza kwamba chokaa ikikauka ukutani inairudisha hewa ya ukaa iliyotoka kwenye jiwe. Makofi. Keti.

Usipoketi, utaanza kuulizwa hizo nyuzi 900 zinatoka wapi. Zinatoka kwenye magogo, na hewa ya magogo ukuta hauirudishi. Utaulizwa tumbawe limetoka wapi: la nchi kavu, lililokufa maelfu ya miaka iliyopita, sawa, lakini Mafia na pwani ya Mtwara matumbawe hai yamevunjwa majini kwa ajili ya tanuri, na samaki hawakushirikishwa. Utaulizwa boriti. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na haikufanya hivyo kwa kuchukia mila. Utaulizwa hata yale matofali ya kuchoma ya Mwalimu, ya hapahapa kabisa, ambayo ukipita mikoa ya bara utayaona matanuri yake yanafuka pembeni mwa vilima ambavyo zamani vilikuwa na miti. Kifaa kuwa cha kwetu hakukifanyi kuwa kipole. Ukilisema hilo wazi hutapata tuzo, ila utaweza kuchagua: jiwe la shambani kwa nyumba ya Rwanda, udongo wa kushindilia kwa Dodoma, chokaa pale tu ilipo nyumba ya chokaa ya kuponywa. Lakini kuchagua kunamaanisha kukataa baadhi ya kazi, na huu ni mwongozo wa kupata jina.

Rudi kwenye udongo basi. Kupima kama unafaa, chukua chupa ya maji ya plastiki, tia udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa, iweke dirishani. Mchanga hutulia kwanza, unaofuata ni ule laini, mfinyanzi hutulia mwisho. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka ukikauka, ukipungua, utamomonyoka. Ni kipimo kizuri, na ubaya wake ni mmoja: ni cha bure, kwa hiyo mfadhili hatakiamini. Peleka udongo uleule maabara, lipa, ngoja majuma, upokee karatasi inayosema ulichokiona dirishani.

Ukishapata karatasi, nenda halmashauri ukaombe kibali. Ofisa ataifungua michoro, atakunja uso, atakuuliza nguzo za zege ziko wapi. Utaeleza kwamba ukuta wenyewe ndio unaobeba. Atakuuliza tena nguzo za zege ziko wapi. Usimdharau, siku nyumba ikianguka, jina litakaloitwa ni lake. Njia ya amani ni tofali la kufungamana, lile la udongo wenye saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono na kupangwa bila udongo mwingi wa kuungia, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelinadi kwa miaka mingi nchini Tanzania. Halichomwi, halili kuni, linatengenezwa hapohapo kiwanjani na kuanikwa kivulini. Ofisa analijua, atagonga muhuri. Mwenye nyumba naye atafurahi, kuta zitapanda nyekundu na zimenyooka, utazipiga picha. Piga haraka. Ukirudi baada ya mwezi utakuta zimepigwa plasta ya saruji nje na ndani na kupakwa rangi ya krimu, ili majirani wasije wakadhani fedha iliisha.

Halafu benki. Benki haina neno na udongo, mradi usiwe dhamana ya mkopo.

Kuna jambo la matunzo ambalo nilitaka kuliruka kwa sababu halipigiki picha, lakini linagusa ada yako. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, ulivyo sasa tangu mwaka 1907, umesimama kwa kuwa kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika upya kwa tope, na siku hiyo ni sikukuu. Sisi pia wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa hakika walikuwa wanazungumzia ukuta wa udongo, maana nani anazungumza hivyo kuhusu zege? Sasa mteja wako amenunua udongo kwa kuambiwa ni wa milele. Ufa wa kwanza ukitokea, atakupigia wewe simu usiku. Mwandikie kijitabu cha matunzo: aangalie mchirizi wa maji, asilundike mchanga ukutani, mchwa wakipanda awakatie njia mapema, mwezi kabla ya masika amwite fundi. Ataweka kijitabu kwenye droo pamoja na risiti. Heri umshawishi aajiri fundi mmoja wa kudumu kwa mshahara mdogo, kuliko umwongezee wewe ada ya ushauri. Najua ushauri huu hauendani na mwongozo.

Ikifika tuzo, nenda. Vaa shati la kitani lisilopigwa pasi. Utapanda ndege hadi Ulaya kuzungumzia umuhimu wa vitu vya karibu, utalala katika hoteli ya zege na vioo, na utaulizwa na mwandishi wewe mwenyewe unaishi nyumba gani. Jibu lililozoeleka ni kwamba bado unapanga. Usitaje ghorofa ya Mikocheni wala idadi ya viyoyozi.

Ukirudi utamkuta yule mzee wa chokaa hayupo. Kazi ya hoteli iliisha, na kazi ya chokaa nyingine haijulikani lini, kwa hiyo amekwenda kumwaga zege kwenye jengo la maduka, siku kwa siku, jioni hela mkononi. Vijana wake wawili wamejifunza kupiga plasta ya saruji kwa kuwa ndiyo inayoitwa kila wiki. Siku moja atakuja ofisini kwako, viatu ameviacha mlangoni.

"Bosi, na mimi nimepata kijikiwanja kule Fuoni. Nataka unichoree kidogo."

"Mzee wangu, hilo jambo kubwa! Tutakujengea ya chokaa, mfano kwa mji mzima."

"Aa, hapana bosi. Chokaa ni ya hoteli na ya serikali. Mimi nichoree ya bloku, vyumba vitatu, na bati."

"Bloku? Wewe?"

"Nani atanipigia sakafu, bosi? Wenzangu niliokuwa nikiimba nao wengi wameshazikwa."

Mchoree ya bloku. Bati linyanyue juu ya dari, acha nafasi upepo wa kusi uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Vipenu vya paa virefushe mpaka vivuli vifike chini ya madirisha. Mlangoni weka baraza pana, upande ule jua la alasiri lisikofika, na chumba kimoja kikiwezekana kisizidi mita tatu. Akikuuliza haya umeyatoa wapi, mwambie yalikuwa kwenye mchoro wa hoteli, na ada umeshalipwa.